Shajara ya mradi: ekrani ya Mama Mwalimu haijakufa

Ijumaa jioni, Kamalondo, Lubumbashi

Mashini, kompyuta ya mkononi, imefika kwangu ikiwa imefungwa ndani ya kitenge. Mwenyewe ni mama anayefundisha shule ya msingi kule Katuba, na mtaa mzima tunamwita Mama Mwalimu. Anaitumia kuandika mitihani, kujumlisha pointi za wanafunzi na kutayarisha buleteni za mwisho wa muhula. Ilikuwa na Windows 7 iliyojaa virusi, hata kufungua hati moja ikawa kazi ya kusubiri. Kijana mmoja akamwekea Debian, mfumo wa Linux, ubavuni mwa ile Windows. Tangu siku ile mashini ikiwashwa inalia, feni inazunguka, kisha ekrani inabaki nyeusi.

Fundi wa sokoni amemwambia kioo kimekufa, anunue kingine. Bei aliyotajiwa ni mzigo mzito kwa mshahara wa mwalimu. Na mtaani neno limeshasambaa kwamba Linux inaua ekrani. Nimeipokea kazi kwa sababu ya hayo mawili. La kwanza linaweza kumtoa mama pesa bure. La pili linawafanya wenye mashini za zamani waogope njia pekee iliyowabakia. Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai UEFI, yaani mrithi wa BIOS, programu ya kiwanda inayoiwasha mashini, na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na mashini hii ya 2009 haina hata kimoja.

Ndani kuna Pentium Dual-Core, RAM ya gigabaiti 2, disiki ya kuzunguka, ekrani ya inchi 15.6 yenye nukta 1366 kwa 768, na picha zinashughulikiwa na chipseti ya Intel GM45. Batri haishiki kabisa: ukichomoa sharjeri, inazimika.

Kabla ya kugusa chochote, nimetoa disiki, nimeichomeka kwenye mashini yangu na kunakili faili zake zote. Mitihani ya miaka mingi iko humo. Mama Mwalimu alipopiga simu usiku hakuuliza ekrani. Aliuliza: "Mwana yangu, pointi za batoto ziko?" Ziko, mama. Ziko pahali pawili sasa.

Jumamosi asubuhi

Leo sikufungua skurubu hata moja. Nimeiwasha na kuitazama tu.

Alama ya kiwanda inaonekana vizuri, yenye mwanga wa kutosha. Menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, nayo inaonekana. Mistari michache ya kerneli, yaani kiini cha Linux, inapita, halafu giza. Hapo tu ungeweza kujua kwamba kioo hakijafa, maana kioo kilichokufa hakichagui lini kionyeshe alama ya kiwanda na lini kijifiche. Kitu kinachobadilika kati ya GRUB na giza ni kimoja: kerneli inapakia draiva ya picha, i915, nayo inachukua usukani wa ekrani kutoka mikononi mwa BIOS.

Nimezima taa ya chumba na kumulika ekrani kwa tochi ya simu, upandeupande, karibu sana na kioo. Picha iko. Hafifu, lakini iko: dirisha la kuingilia, jina la mtumiaji, hata mshale unasogea nikigusa pedi.

Jambo hili nataka nilieleze kwa urefu, kwa sababu pesa za watu wengi zinapotea hapa. Ekrani ya namna hii ni vitu viwili vilivyobanwa pamoja. Cha mbele kinachora picha, lakini hakitoi mwanga wake chenyewe. Cha nyuma ni taa, ambayo kazi yake ni kumulika picha kutoka mgongoni. Katika mashini za miaka ile taa inaweza kuwa bomba jembamba la CCFL, linalolishwa na kijisahani kiitwacho inverta, au mstari wa LED. Picha ina waya zake, taa ina waya zake, na kila kimoja kinapokea amri zake. Kwa hiyo "ekrani nyeusi" inaweza kuwa picha haipo, au picha ipo gizani. Tochi inatenganisha hayo mawili bila kugharimu faranga hata moja.

Ikiwa tochi inaonyesha picha, shida ni taa au anayeiamuru taa. Ikiwa haionyeshi kitu, chomeka monita ya nje kwenye tundu la VGA. Monita ikileta picha, tafuta kosa kwenye kebo au kioo. Monita nayo ikibaki tupu, shida iko ndani zaidi, kwenye chipu au RAM. Nimejaribu VGA pia, kwa monita niliyoazima kwa jirani mwenye sekretaria, duka la kuchapa hati. Picha safi kabisa.

Jumamosi, baada ya umeme kurudi

Jaribio la nomodeset. Ni neno unaloongeza mwisho wa mstari wa kerneli, linaloiambia isiruhusu draiva kama i915 kuchukua usukani. Ekrani inabaki chini ya mpango wa BIOS. Kwenye menyu ya GRUB unabonyeza e, unashuka hadi mstari unaoanza na linux, unaandika mwishoni, kisha Ctrl na x. Unachoandika hapo hakidumu, ukizima kinafutika, kwa hiyo hakuna hatari ya kujaribu.

Kuna kikwazo ambacho maelezo mengi hayakitaji, kwa sababu waandishi wake hawatumii klavie (kibodi) zetu. Huku mashini karibu zote zina klavie ya Kifaransa, AZERTY. GRUB kwa kawaida inadhani una klavie ya Kimarekani. Unabonyeza m, inaandika nuktamkato. Unabonyeza a, inaandika q. Wengi wanajaribu nomodeset, haifanyi kazi, wanakata tamaa, kumbe waliandika no;odeset. Basi shika hivi: kupata m bonyeza mkato, kupata a bonyeza q, kupata nukta bonyeza nuktambili, kistari cha kawaida ni kitufe cha mabano ya kufunga, na kistari cha chini ni hichohicho pamoja na Shift. Tarakimu zinatoka bila Shift, yaani kitufe cha & kinatoa 1 moja kwa moja. Alama ya sawasawa haijahama. Nimeyaandika haya kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya meza, na ningeshauri kila anayefanya kazi hii Lubumbashi afanye hivyo.

Kwa nomodeset, mwanga umebaki. Mama Mwalimu angekuwa hapa angesema imepona. Haijapona. Picha imevutwa kwa upana, maandishi yamenenepa, dirisha likisogezwa linaacha mikia, na vitufe vya mwangaza havina kazi. Nimeona mashini nyingi zinarudishwa kwa wenyewe katika hali hii, na naona si haki. Neno lile ni la kupima ugonjwa. Limethibitisha kwamba taa ni nzima na kwamba inazimwa na amri inayotoka kwenye draiva. Sasa ni kutafuta amri ipi.

Jumapili

Kidogo tu, baada ya misa. Nimefungua fremu ya ekrani kwa sababu ilikuwa inapepesa nikisukuma kifuniko nyuma. Kebo ya picha pale kwenye bawaba ilikuwa imelegea kwenye tundu lake. Nimeichomoa, nimeirudisha sawasawa, nimeishika kwa utepe. Kupepesa kumekwisha. Ni ugonjwa mwingine kabisa, hauhusiani na giza, lakini ukikaa pamoja na ule wa kwanza unamchanganya yeyote anayepima.

Jumatatu usiku

Umeme ulikatika saa kumi na mbili, ukarudi usiku sana. Nimefanya kazi na monita ya nje, ekrani ya mashini ikiwa giza pembeni.

Linux inaweka vidhibiti vya taa kwenye folda /sys/class/backlight. Mle nimekuta acpi_video0 peke yake. Maana yake kerneli imeamua kwamba mwangaza uendeshwe kupitia BIOS, kwa ACPI, utaratibu wa mfumo kuzungumza na BIOS. Kwa mashini iliyotengenezwa kabla ya Windows 8, huo ndio uamuzi wake wa kawaida. Nimeandika namba ndogo, namba kubwa, zote zinapokelewa na hakuna kinachobadilika kwenye taa. Kidhibiti kipo lakini hakijashika kitu.

Nimewasha upya, safari hii na acpi_backlight=native kwenye mstari wa kerneli, yaani acha BIOS, zungumza na chipu moja kwa moja. Folda ikabadilika: sasa kuna intel_backlight. Nikasoma max_brightness, nikaandika namba ileile kwenye brightness, yaani mwanga wote. Giza. Nikaandika nusu. Ekrani ikapata rangi ya alfajiri. Nikasimama kidogo. Kisha:

echo 0 | sudo tee /sys/class/backlight/intel_backlight/brightness

Ekrani ikawaka yote. Nyeupe, safi, bila doa.

Nimerudia kwenda na kurudi mpaka nikaridhika. Kwenye mashini hii sifuri ni mwanga wote, na namba kubwa kabisa ni giza. Ni kama bomba la maji lililofungwa kinyume: ukilizungusha upande wa kufungua, maji yanakatika. Draiva inapopakia inataka kumpa mwenye mashini mwanga wa kutosha, inapandisha namba, na kwa nia hiyo njema inazima taa. Hakuna kilichoua ekrani. Iliamriwa izimike, ikatii.

Jumanne

Nilitaka kujua kama tumepatwa na jambo hili peke yetu. Hapana. Maelezo ya Intel kuhusu rejista ya mwangaza, yaani pahali ndani ya chipu panapotunzwa namba ya mwanga, yanasema 0 ni taa kuzimwa na 255 ni mwanga kamili. Baadhi ya watengenezaji wa mashini za mkononi wa kipindi cha GM45 walifunga saketi zao kinyume. Tatizo lilijitokeza na kerneli 2.6.38 ya Machi 2011, i915 ilipoanza kuzishughulikia mashini hizo, ekrani zikawa zinaingia giza mwanzoni kabisa mwa kuwaka. Suluhisho likaingizwa ndani ya draiva yenyewe: parameta iitwayo i915.invert_brightness. Ukiipa 1, draiva inageuza hesabu yote. Pia kuna orodha ndani ya kerneli ya mashini zinazojulikana kuwa na tabia hii, ambazo hugeuziwa bila mtu kuandika chochote. Ya Mama Mwalimu haimo.

Kuna njia nyingine fupi watu wanapeana: sudo setpci -s 00:02.0 F4.B=0. Inaandika moja kwa moja kwenye rejista ya mwangaza ya chipu ya picha. Ni nzuri ukiwa gizani na unataka kuona upesi, hata ukiandika bila kuona herufi. Lakini draiva haijui kwamba umeandika, kwa hiyo ukigusa mwangaza au mashini ikilala na kuamka, giza linaweza kurudi. Mimi naiona kama kiberiti cha kutafutia swichi.

Ya kudumu ni kufungua faili /etc/default/grub na kuufanya mstari huu usomeke hivi:

GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet acpi_backlight=native i915.invert_brightness=1"

kisha sudo update-grub, na kuwasha upya.

Nimechomoa monita ya nje na kuwasha. Alama ya kiwanda, GRUB, mistari ya kerneli, na dirisha la kuingilia likiwa linang'aa. Nukta 1366 kwa 768 kama kioo kilivyozaliwa. Vitufe vya mwangaza vinapandisha vikiambiwa kupandisha. Nimefunga kifuniko, mashini ikalala. Nimefungua, ikaamka na mwanga wake. Nilipiga makofi peke yangu chumbani, na mudogo yangu akaja kuuliza kuna nini.

Jumatano na Alhamisi

Sasa mfumo wenyewe. Ile Debian ya kijana ilikuwa ya zamani na imewekwa kwenye kona ndogo ya disiki. Mama amekubali Windows iondoke yote, mradi pointi ziwe salama. Nimechagua Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, na Xfce, mazingira mepesi ya madirisha. Toleo hili halina tena kisakinishi cha mashini za biti 32, ila Pentium hii ni ya biti 64 ingawa ni ya zamani, basi haikutupata. Anayetaka kujua ya kwake aendeshe lscpu na kusoma mstari wa pili: ikitaja 64-bit, njia iko wazi.

Kupakua nilifanya usiku, mega za intaneti zikiwa rahisi, na asubuhi nikapima faili kwa sha256sum kabla ya kuiandika kwenye flashi. Hatua hii watu wanairuka. Kwa intaneti inayokatika kama yetu ni afadhali kutumia dakika moja kupima kuliko mchana mzima kushangaa kwa nini usakinishaji unakwama katikati. Tangu Debian 12 picha rasmi za kusakinisha zinakuja na fimwea zisizo huria, yaani programu za ndani za vifaa ambazo si za wazi, kwa hiyo Wi-Fi ilionekana palepale.

Kisakinishi nacho hakijui habari ya saketi iliyofungwa kinyume. Nilikiwasha na parameta zote mbili. Tena, zile zilizoandikwa wakati wa kusakinisha hazihami zenyewe kila mara kwenda kwenye mfumo mpya, basi hakikisha faili ya GRUB baada ya kumaliza.

Katikati ya kuweka masasisho, delestaji: umeme umekatwa. Batri haipo, mashini ikafa papo hapo. Umeme uliporudi ext4, mfumo wa faili wa disiki, ilijirekebisha bila kelele kutoka kwenye jarida lake, ambamo huandika kila badiliko, na paketi zilizobaki nusu zilimaliziwa na sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt -f install. Hakuna kilichopotea. Kwa mji wetu hiki ni kigezo cha kwanza kabisa cha mfumo mzuri, na ningependa wanaolinganisha mifumo wakiweke juu ya orodha zao.

RAM nimeongeza gigabaiti 2 kutoka mashini iliyokufa bodi. Nimeweka zram-tools ili kumbukumbu ibanwe kabla ya kukimbilia disiki. LibreOffice inafungua jedwali lake la pointi, fomula zote zikiwa sawa. Lugha ni Kifaransa, kama alivyozoea.

Ijumaa

Nimepita sokoni kwa yule fundi. Sikwenda kugombana. Ni kijana anayefanya kazi nyingi kwa siku na mikono yake ni mizuri kuliko yangu kwenye kuchomelea. Nilimwonyesha mashini ikiwaka na kumweleza habari ya tochi. Akasema: "Yaya, ukiona giza unasema kioo. Njo vile bote banafanyaka." Nikamwomba alete mashini mojawapo kati ya zilizolala chini ya meza yake zikingoja kioo. Tukazima taa, tukamulika. Ya kwanza haikuwa na picha, ile kweli ni kioo. Ya pili ilikuwa na picha gizani, Windows, na tangu alama ya kiwanda ni giza tupu. Hiyo si ya parameta: taa inakosekana tangu BIOS, kwa hiyo ni inverta au bomba la CCFL lenyewe. Inverta ikitolewa kwenye mashini iliyokufa ya aina ileile ni nafuu mno kuliko kioo kizima. Ila nilimsihi asiiguse ikiwa na umeme, maana inatoa mamia ya volti.

Alinakili kwenye daftari lake mambo mawili: mulika, kisha uliza giza linaanza lini. Likianza tangu alama ya kiwanda, ni chuma. Likianza baada ya kerneli, ni amri.

Mama Mwalimu amechukua mashini jioni. Amekaa nayo hapa kwanza, akafungua hati ya mtihani wa hesabu wa darasa la tano, akaandika swali moja na kulihifadhi. Kisha akauliza kama mwenzake wa shuleni anaweza kuleta ya kwake. Alete.

Jumamosi

Kazi iliyobaki ni ripoti. Nyaraka za kerneli zinamwomba kila anayehitaji invert_brightness atume namba za utambulisho za chipu yake kwenye orodha ya barua ya watengenezaji, dri-devel, ili mashini iongezwe kwenye ile orodha ya ndani. Namba zinapatikana kwa:

lspci -nn -v -s 00:02.0

Ya chipu ni 8086:2a42, kama GM45 zote. Inayotofautisha mashini na mashini ni ile ya mstari wa Subsystem. Nimeziandika zote, nimeeleza kwa Kiingereza kifupi dalili na majaribio niliyofanya, nimeambatisha matokeo ya dmesg, yaani ujumbe wa kerneli, nimetuma. Ikikubaliwa, mwingine mwenye mashini kama hii, awe Kolwezi au Kigoma, ataweka Linux na ekrani itawaka bila yeye kujua kwamba kulikuwa na shida. Mpaka hapo parameta zinabaki kwenye faili ya GRUB, na nimeziandika pia kwa kalamu kwenye utepe uliobandikwa chini ya mashini, ili fundi yeyote atakayeisakinisha upya azikute.

Batri mpya bado. Mama anasema atainunua baada ya mshahara.